Zizi la Kumi na Mbili

Ilongero, Singida
21 Mei 1950

Kwa mdogo wangu Simeoni Ntandu,

Pokea salamu za nyumbani. Dorika mke wako na Klara wako wazima, mtama umevunwa, na mimi na shemeji yako Lea hatujambo. Nakuandikia mapema kwa sababu jambo limetokea, na sitaki ulisikie kwa watu wanaokuja huko kwenye mkonge.

Ulipanda lori tarehe tano. Tarehe kumi na tisa akaja Bwana Mpima pamoja na Jumbe na watu wanne wenye mnyororo wa kupimia. Serikali inataka uwanja wa ndege hapa kwetu, wa majani, yadi elfu moja kwa yadi mia moja. Unaanzia kwenye mwamba ule tuliokuwa tukianikia mtama, unakwenda magharibi mpaka karibu na mbuga. Hatukuulizwa. Tulipimwa tu.

Kwa kuwa ninasoma namba na nimewahi kufanya kazi ya barabara, wamenifanya nyapara. Nina watu sitini. Visiki ving'olewe, vichuguu vibomolewe, nyumba zilizomo zihame kabla ya Julai. Hayo nayaweza. Lisilonipa usingizi ni hili: Bwana Mpima amesema kila palipowahi kuwa na zizi, hata kama ni hame la zamani limeota majani, pachimbwe futi tatu, samadi yote itolewe, pajazwe changarawe. Anasema udongo wa zizi ukinyeshewa unakuwa uji, gurudumu litazama. Nimepewa bendera nyekundu nikatie alama kila zizi.

Unajua nani yuko kwenye zizi letu la zamani. Miaka minane tu imepita tangu tumlaze pale katikati ya ng'ombe wake, kama walivyolazwa wazee wote. Nifanyeje? Nijibu upesi.

Kaka yako,
Yeremia Ntandu


Shamba la Mkonge, Muheza
14 Juni 1950

Kaka Yeremia,

Shikamoo. Barua yako imechukua siku ishirini na nne, nami ninaijibu saa hiyo hiyo niliyoipata, nimesimama hapa mizani, wakata mkonge wakinisubiri.

Umeuliza ufanyeje. Nashangaa umeuliza. Baba alihamisha boma lake mara tatu na hakuna mtu aliyemsukuma. Leo hayupo ndio asukumwe? Nilikuja huku kukata majani ya mkonge nikiwa na panga la kuazima. Hesabu za daftari nilijifunza mwenyewe kwa kuhesabu matita ya wenzangu, leo nimekuwa karani wa mizani, na bado kijana wa juzi kutoka Ulaya ananiita "wewe". Nimeyameza mengi. Hili silimezi.

Kutoka mwamba wa mtama mpaka mlango wa zizi la baba ni hatua mia nne na kumi na mbili. Nilizihesabu kila siku nikichunga ndama. Wewe kwa miguu yako mirefu ulikuwa unapata mia tatu themanini, tukagombana nani mwongo mpaka baba akacheka. Kwa hiyo usiniambie pamepotea au hukumbuki.

Sikiliza, kaka. Jembe la uwanja huo likigusa mifupa ya baba, usiniandikie tena. Unihesabu na mimi nimekufa. Wewe ndiye mwenye bendera mkononi. Tumia akili.

Nakala ya barua hii nimebaki nayo, kama nifanyavyo kwa barua zote.

Ni mimi mdogo wako,
Simeoni


Ilongero
6 Agosti 1950

Kwa mdogo wangu Simeoni,

Marahaba. Barua yako niliipata na nikaisoma mara moja tu, ilitosha.

Kazi inakwenda. Visiki vilivyong'olewa ni elfu moja mia mbili na sita. Vichuguu thelathini na vinne. Mazizi tumetia bendera kumi na moja na yote yamechimbwa futi tatu na kujazwa changarawe ya kutoka kilimani. Watu wamelalamika, lakini wamehama. Mzee Naftali alikaa mlangoni kwake mpaka paa likaezuliwa juu ya kichwa chake, ndipo akanyanyuka, akabeba kigoda chake akaondoka bila kuaga mtu.

Sasa tunashindilia. Lile gogo la chuma la kuvutwa halijafika, nikamwambia Bwana Mpima sisi tunazo kwato. Tunapitisha ng'ombe mia tatu asubuhi na mia tatu jioni, kutoka mwambani mpaka mbugani na kurudi. Amefurahi, ameandika kwenye kitabu chake.

Habari ya baba usiwe na wasiwasi.

Uwanja ukiisha nitabaki kuwa mlinzi wake. Masika utafungwa, ndege hazitatua. Hiyo ni amri. Kiangazi ardhi yetu unaijua, hata sururu inaruka.

Kaka yako,
Yeremia


Ilongero
2 Septemba 1950

Kwa Baba Klara,

Salamu kutoka kwa mkeo. Naandika mwenyewe, kwa hiyo ukikuta kosa usimlaumu mwalimu wa misheni, mlaumu Klara anayenivuta mkono.

Kwanza nikupe habari ya eropleni, maana shemeji atakuandikia urefu na upana tu. Ilikuja Alhamisi. Tulikuwa tumepangwa pembeni kama maharusi, Jumbe amevaa kanzu na koti. Ikazunguka mara mbili, ikashuka, ikarukaruka kama mbuzi, ikasimama. Akatoka Mzungu mmoja mwembamba, akatapika. Kisha mama yake Lea akasema, "Kumbe hata wao," na hapo tukashindwa kujizuia.

Jingine la kuchekesha ni ng'ombe. Wakati ule wa kushindilia, kila wakipitishwa walifika mahali fulani wakagoma. Wanainamisha vichwa, wanalamba udongo. Wanachapwa, hawaendi. Bwana Mpima akamuuliza shemeji, hapa pana nini? Shemeji akasema, pana chumvi ya ardhi, Bwana, huku kwetu ipo hivyo sehemu nyingi. Bwana akaandika. Mimi nilikuwa nimeleta maji ya wafanyakazi, nikamtazama shemeji, naye akatazama mawingu, na mawingu yenyewe hayakuwepo. Mahali penyewe unapajua. Nikipita huwa namwamkia baba mkwe kimoyomoyo.

Sasa habari yako na yangu. Ulichokiacha huku Mei kimeanza kupiga teke. Nahesabu kitatoka mwanzo wa Februari. Siogopi kukuambia kwamba naogopa. Uchungu wa Klara ulichukua siku mbili na nusu, na Daktari wa misheni alisema mwingine nisizalie nyumbani, huenda akahitaji kunipasua. Misheni ni mbali na mito ni miwili. Kama unaweza kuwepo, uwepo.

Mkeo,
Dorika


Muheza
25 Septemba 1950

Kaka Yeremia,

Shikamoo. Nimepata barua yako na ya Mama Klara. Nimekaa nazo siku tatu nikahesabu.

Kaya zilizokuwa zinakaa kwenye eneo lile ni saba: Naftali, Damiani, mjane Luciana, Jumbe mdogo, wale ndugu wawili wafuga nyuki waliotoka Rungwa, kila mmoja na boma lake, na mjomba. Mahame ninayoyajua ni matano, la mwisho likiwa letu. Saba na tano ni kumi na mbili. Wewe umeniandikia bendera kumi na moja. Na ng'ombe wamelamba chumvi.

Basi nimeelewa. Sitasema zaidi kwenye karatasi. Nasema tu kwamba umefanya kama mtoto wa mzee Ntandu, na maneno makali niliyokuandikia Juni nayafuta. Jioni ile nilinunua soda nikanywa peke yangu. Wao wana mnyororo na darubini na hawakuona. Mara moja katika maisha yangu sisi ndio tuliowapima.

Kuhusu Dorika: Bwana wa shamba alinipa likizo ya Novemba, nimeikataa. Karani mkuu, mzee Antipasi, anaondoka mwisho wa Februari, na nafasi ile ni yangu nikiwepo. Nikiwa sipo ni ya mtu mwingine. Miaka kumi na moja nimeingojea. Nitakuja Machi, mtoto nimkute ana mwezi mmoja. Mama Klara aende misheni mapema, Januari mwanzoni, kabla mito haijajaa. Mwambie ni agizo langu.

Mdogo wako,
Simeoni


Ilongero
10 Desemba 1950

Mdogo wangu Simeoni,

Ile barua yako ya kuhesabu nimeichoma. Na hiyo ya Dorika yenye habari ya ng'ombe, ichome. Mambo mengine yakijulikana na watu wawili yanatosha.

Mvua imewahi, na si mvua ya kawaida. Ilianza tarehe kumi na nane Novemba, haijapumzika hata siku tatu. Daraja la mto wa kwanza limekwenda na maji. Lori la mwisho kutoka Singida lilifika wiki mbili zilizopita. Uwanja nimeufunga, nimetandika msalaba mweupe wa mashuka katikati kama nilivyoagizwa. Ili niufungue zinatakiwa siku nne bila mvua, kisha nipime kwa fimbo ya chuma kila hatua hamsini. Ikiingia zaidi ya inchi mbili, msalaba unabaki.

Napima mimi mwenyewe. Najua pa kupima.

Dorika yu mzima ila miguu inamvimba. Anasema haendi misheni Januari, atakwenda sasa. Tumepanga watu wanane wa kumbeba kwenye kitanda, wanne kwa wanne, maji yakipungua.

Kaka yako,
Yeremia


Ilongero
11 Februari 1951

Mdogo wangu Simeoni,

Simu niliyotuma kupitia Singida najua imekufikia, na najua maneno manane hayatoshi. Nakuandikia yaliyotokea.

Desemba tulimbeba Dorika mpaka mto wa kwanza tukarudi. Januari tulimbeba mara mbili tukarudi. Maji yalikuwa yanafika kifuani kwa mtu mrefu.

Tarehe tatu mwezi huu mvua ikakatika. Tarehe saba uchungu ukaanza. Siku ile ile nikapata habari kwamba Bwana Nzige, yule anayekagua nzige, anataka kutua kesho yake. Zilikuwa siku nne kavu. Nikapima, fimbo haikuingia, nikaondoa msalaba. Tarehe nane asubuhi akatua salama, ndege ndogo ya viti vinne. Alikuwa na rubani tu.

Nikamwendea. Nikamwambia mke wa mdogo wangu ana siku ya pili, mtoto hatoki. Akasema hii si gari la wagonjwa. Nikasimama palepale. Akaenda, akala, akarudi, nikiwa nimesimama palepale. Rubani akamwambia jambo kwa Kiingereza. Ndipo akasema mleteni, tunamshusha Dodoma, mtu mmoja amsindikize. Tukamleta na dada yake Felista.

Dorika alipoona ngazi alisema, "Shemeji, mwambie Baba Klara nimemtangulia kupanda." Hayo aliyasema akicheka, na jasho likimtoka.

Ndege ikakimbia, ikateleza kwenye tope, ikainama mbele, pangaboi likavunjika. Hakuna aliyeumia. Tukamtoa, tukamrudisha nyumbani. Alikata roho kesho yake alasiri. Mtoto alikuwa wa kiume, hakulia.

Tumemzika upande wa mashariki wa nyumba yako. Klara yuko kwa Lea, anakula. Ni mvua, Simeoni. Ni mapenzi ya Mungu na mvua.

Kaka yako,
Yeremia


Muheza
2 Machi 1951

Kaka Yeremia,

Shikamoo.

Nimekuwa karani mkuu tangu jana. Nakuambia kwanza hilo ili liishe.

Barua yako nimeisoma kama ninavyosoma daftari la mtu anayeondoka kazini. Umeandika visiki elfu moja mia mbili na sita. Umeandika vichuguu thelathini na vinne. Umehesabu mpaka kwato za ng'ombe. Lakini siku ya kifo cha mke wangu umeandika "ikateleza kwenye tope" na hukuweka namba. Uwanja una yadi elfu moja. Zilikuwa siku nne kavu, umesema mwenyewe. Fimbo haikuingia, umesema mwenyewe. Tope hilo lilitoka wapi?

Siulizi mapenzi ya Mungu. Nauliza kitu kimoja. Kutoka mwamba wa mtama mpaka gurudumu liliposimama ni hatua ngapi?

Andika namba hiyo tu. Usinipe salamu.

Simeoni


Ilongero
20 Machi 1951

Mdogo wangu,

Mia tatu themanini.

Ulisema niandike namba tu, lakini nikiacha hapo nitakuwa nimekudanganya mara ya pili.

Fimbo nilipima kila hatua hamsini. Mia tatu hamsini nilipima. Mia nne nilipima. Katikati ya hapo sikuwahi kupima tangu uwanja ufunguliwe. Nilijiambia pameshindiliwa na kwato, na juu palikuwa pakavu, pana ukoko kama wa ugali. Asubuhi ndege ilipotua ilipita upande ule ikiwa nyepesi, haikuacha hata alama ya kutisha. Nikashukuru. Nikasema baba ameipitisha.

Kisha ikaongezwa mafuta, ikapakiwa watu wawili na mizigo, ikarudi mwambani kujipanga. Nilikuwa nimesimama chini ya bawa. Rubani alinitazama, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Uwanja mzuri?" Ilikuwa nafasi yangu. Zizi lile lilikuwa upande wa kulia, na kushoto kulibaki yadi sitini ngumu kama sakafu. Yalihitajika maneno manne. Pita kushoto, kulia laini. Nimeyahesabu mara nyingi, ni manne tu.

Nikawaza, nikisema laini, ataniuliza kwa nini hapana bendera. Bwana Nzige atauliza. Watachimba. Nami nilikuwa na barua yako ya Juni.

Nikasema, "Mzuri, Bwana."

Gurudumu la kulia liliingia mpaka kwenye ekseli. Samadi ya baba ilikuwa bado mbichi chini, Simeoni. Miaka minane, na ilinuka kama zizi la jana.

Na sasa sikiliza lililobaki. Tarehe ishirini na sita Februari alikuja mkaguzi kutoka Dodoma. Akaona shimo, akashika udongo, akanusa. Hakuniuliza kitu. Akaagiza watu ishirini wachimbe futi tatu, wao wakachimba nne. Baba alikuwa futi ya nne. Damiani ndiye aliyemfikia, akatupa jembe akakaa chini. Mkaguzi akauliza ni nani huyu. Wazee wote walikuwa pale na wote walijua tangu mwanzo, wakanitazama mimi. Nikasema ni baba yangu. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akaandika, akaniambia kazi yangu imekwisha leo.

Mifupa niliikusanya mwenyewe kwenye shuka jeupe moja la ule msalaba wa uwanja. Nimemlaza upande wa mashariki, karibu na Dorika. Shimo limejazwa changarawe. Kwa hiyo lile uliloniagiza lisitokee limetokea, na lile ambalo hakuna aliyeliagiza limetokea pia.

Ulisema jembe likimgusa nisikuandikie tena. Hii ndiyo ya mwisho basi, mpaka wewe useme vingine.

Yeremia


Muheza
8 Aprili 1951

Kaka Yeremia,

Shikamoo.

Nimeiweka barua yako chini ya mizani kwa siku mbili. Nilikuwa na mengi ya kukuandikia, na mengi yalikuwa matusi. Niliyapanga vizuri, ningekuumiza, unajua ninaweza. Kabla sijaanza nikafungua kitabu changu cha nakala, ambamo huweka na barua zako, nitafute lini hasa uliniambia nisiwe na wasiwasi. Nikakutana kwanza na barua yangu mwenyewe ya tarehe 14 Juni.

Maneno ni yangu. Mwandiko ni wangu. "Wewe ndiye mwenye bendera mkononi. Tumia akili."

Halafu nikafungua ile ya 25 Septemba. Niliandika saba na tano ni kumi na mbili. Nilijua, kaka. Tangu siku ile nilijua kuna shimo la uji katika uwanja wa ndege, na nilijua liko hatua ngapi, kuliko Bwana Mpima, kuliko mkaguzi. Nikanywa soda. Kutoka tarehe ile mpaka tarehe nane Februari ni siku mia moja thelathini na sita. Wewe ulikuwa na dakika moja chini ya bawa, na Mzungu anakutazama. Mimi nilikuwa na siku mia moja thelathini na sita, na kalamu, na stempu, na meza yangu mwenyewe. Ningeweza kukuandikia: mtoe baba usiku, mlaze kwingine, kisha tia bendera. Halikunijia. Nilikuwa nafurahi kwamba tumewashinda.

Na likizo ya Novemba niliikataa. Hilo halimo katika hesabu yako, limo katika yangu. Mito ilianza kujaa tarehe kumi na nane. Lori la mwisho lilifika mwisho wa Novemba. Mtu aliyekuwepo nyumbani tarehe kumi Novemba angeshampeleka mkewe misheni na kurudi.

Kwa hiyo sikusamehe, kwa sababu sijui ni fungu gani la kwako na fungu gani la kwangu, na nimejaribu kuligawa nimeshindwa. Ni mara ya kwanza hesabu kunishinda tangu nijifunze.

Ukarani mkuu nimeuacha. Nilikaa kwenye kile kiti siku thelathini na tisa, nacho ni kiti kama kingine. Mzee Antipasi alikuja kuchukua kofia yake aliyosahau, akaniambia, "Ungeniuliza ningekuambia." Naondoka Muheza tarehe ishirini na nane, treni mpaka Arusha, halafu nitatafuta lori la kupitia Babati. Barabara ikiwa imekatika nitatembea.

Nina ombi moja, na ni ombi, si agizo. Bendera zile nyekundu walikupa ngapi? Nadhani kumi na mbili au zaidi, na moja hukuitumia. Kama unayo, ichomeke pale. Najua pameshachimbwa, pameshajazwa, hapahitaji alama. Ichomeke hata hivyo. Nataka nikifika mwambani niione, kisha nitembee kutoka pale mpaka hapo nikihesabu kwa miguu yangu, na Klara ahesabu kwa yake. Namba zetu tatu hazitalingana, na safari hii hakuna wa kugombana.

Usiache kuniandikia.

Mdogo wako,
Simeoni


Ilongero
29 Aprili 1951

Mdogo wangu Simeoni,

Marahaba.

Huenda barua hii utapishana nayo njiani, lakini nimeiandika.

Walinipa bendera kumi na tano. Tatu zilizobaki nilizirudisha, na moja nilikuwa nimeikunja ndani ya kasha la nguo tangu Juni ya mwaka jana, Lea akidhani ni kitambaa cha kushona. Nilikwenda nayo jana asubuhi. Nyapara mpya ni mtu wa Kondoa, asiyetujua sisi wala ardhi yetu. Akanikimbilia, akasema, wewe mzee ulifukuzwa hapa, bendera hiyo ni ya nini, hapa pana ubovu gani?

Nikamwambia. Nilianza kwa baba na ng'ombe wake, nikamweleza Bwana Mpima na bendera kumi na moja, nikamweleza barua, nikamweleza maneno manne, nikamaliza kwa Dorika na mtoto. Ilichukua muda. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema pole, lakini pameshatengenezwa, na ndege ikija ikaikuta bendera kazi yake ndiyo itakayokwisha.

Nikamwambia, msalaba bado umetandikwa, mvua bado ipo, hakuna ndege itakayokuja wiki hizi tatu. Mdogo wangu yuko njiani. Akishahesabu, nitaing'oa mwenyewe.

Akafikiri, kisha akanisaidia kuipigilia.

Kaka yako,
Yeremia